Ngazini na Mama Mkwe

Pale yadini walimwita Taratibu, kwa sababu katika miaka kumi na saba ya kuendesha malori hakuna aliyewahi kumwona akikimbiza gari. Madereva wenzake walimtania kwamba akitumwa kupeleka mbegu, zitafika zimeshaota. Yeye alicheka nao. Wengi wa waliomtania walikuwa wameshaangusha magari na kupewa mengine. La kwake lilikuwa lile lile la tangu mwanzo.

Nyumbani aliitwa Baba Chiriku. Chiriku alikuwa binti yake wa pekee, mwenye miaka tisa, mtoto ambaye akianza kuzungumza asubuhi hunyamazishwa na usingizi tu. Jina hilo alipewa na bibi yake mzaa mama, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, likashika kuliko lile la kwenye cheti cha kuzaliwa.

Mwaka ule mke wa Taratibu, fundi wa maabara ya hospitali, alipata mafunzo ya miezi kumi nchi ya nje. Mwenyewe alisitasita. Mumewe ndiye aliyemsukuma, akamwambia nafasi ya namna hiyo haibishi hodi mara mbili. Na kwa kuwa dereva wa lori hulala njiani siku nne kati ya saba, Mwalimu alifunga nyumba yake akahamia kwao kumtunza mjukuu.

Ndivyo mkwe na mkwe walivyojikuta chini ya paa moja. Wote wawili walikuwa watu wa adabu, na adabu hiyo ikawachosha. Taratibu alibisha hodi kabla ya kuingia jikoni kwake mwenyewe. Mwalimu naye akimsikia anakohoa sebuleni, alibaki chumbani mpaka ahakikishe ametoka. Walikula kwa zamu. Salamu zao zilipitia mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Baba Chiriku. Umeamkaje?"

"Salama."

Hapo mazungumzo yamekwisha mpaka kesho. Jambo lolote lililohitaji maneno zaidi ya hayo lilibebwa na Chiriku, ambaye hakuwa na uhaba wa maneno.

Mafunzo yalipofika mwezi wa nane, shule zikafungwa, na wote watatu wakasafiri kwenda kumtembelea Mama Chiriku kwa wiki mbili. Alikuwa amepanga vyumba viwili juu ya duka la fundi viatu, na nyundo ya fundi ilisikika sakafuni tangu asubuhi. Chumba kimoja walilala Mwalimu na mjukuu. Kingine walilala mtu na mkewe, na hapo kukawa na mvutano mdogo wa dirisha. Nje kulikuwa na baridi ya kuuma masikio, lakini Taratibu alitaka dirisha libaki wazi.

"Hewa ya humu nzito," alisema.

"Nzito wapi? Wewe tangu lini unapenda baridi?"

"Nimezoea kulala kwenye gari."

Mama Chiriku alikuwa hajamwona mumewe miezi minane, na hakutaka kugombana naye juu ya dirisha. Alivaa soksi, akaongeza blanketi.

Jumamosi ya kwanza aliwapeleka kuona ngome. Ilikuwa nje ya mji, mwendo wa saa moja kwa basi, juu ya kilima. Mnara wake ulianza kuonekana mapema, na Chiriku akahoji kila kitu: nani alijenga, alikuwa na watoto wangapi, walikuwa wanajisaidia wapi. Mama yake alijibu alichojua na kubuni asichojua. Getini mwanamke mmoja aliwabandika kila mtu kikaratasi cha duara kifuani, kuonyesha kwamba wameshalipa. Mwalimu alikinyoosha chake vizuri juu ya kitenge kama mtu aliyetunukiwa nishani.

Waliona mizinga. Waliona kisima kilichofunikwa kwa wavu, na jiko la mawe ambalo tanuri lake Taratibu alilipima kwa macho.

"Hapa pikapu inaingia na kugeuka," alisema.

"Na wanapika hapohapo?" Chiriku akauliza.

"Wakishaitoa pikapu."

Mwalimu alicheka. Halafu akageukia ukutani, kwa kuwa haikuwa kawaida yake kucheka mbele ya mkwe wake.

Baada ya jiko ukaja mnara. Mlango wake ulikuwa mdogo, wa kuinama, na pembeni palikuwa na kibao chenye mchoro wa mtu aliyeshika moyo na mwingine mwenye mkongojo, wote wamekatwa kwa mstari mwekundu. Mama Chiriku akawasomea. Ngazi zilikuwa mia moja thelathini na mbili, za kuzunguka. Watu hupandia upande huu na kushukia upande wa pili. Ukishaanza, hakuna kurudi nyuma.

Taratibu alikuwa na mpango wake. Tangu alipouona mnara ule akiwa kwenye basi, alishaamua kwamba mama wa miaka sitini na saba mwenye goti bovu hawezi kupanda, na si vizuri kumwacha peke yake ugenini. Atabaki naye chini, kwa heshima zote, na hakuna atakayeuliza swali.

"Nyinyi nendeni," alisema. "Mimi nitakaa na Mama pale kwenye benchi."

"Nani amekwambia nakaa?" Mwalimu akauliza.

"Mama, goti," Mama Chiriku alisema.

"Goti ni langu. Miaka thelathini na nne nimewachorea watoto ngome ubaoni, mnara huku, mnara huku, bendera juu. Ng ya ngome. Leo nimefika kwenye yenyewe, halafu nikae chini nitazame watu wakipanda?"

Chiriku alikuwa ameshaingia, sauti yake inazunguka ndani ya mawe. Mama yake akamkimbilia asije akampotea. Wakabaki wawili mlangoni, mkwe na mkwe, na nyuma yao foleni ikianza kuwa ndefu.

Palikuwa pia na tatizo la nani atangulie. Mama mkwe akitangulia, Taratibu angepanda ngazi za mwinuko ule uso wake ukiwa usawa wa mgongo wa mama mkwe na chini ya hapo, jambo ambalo hata kulifikiria hakutaka. Akasema, "Nitangulie, Mama, nikuangalizie njia," akainama, akaingia.

Ngazi zilikuwa zimelika katikati kama kijiko. Upande mmoja palikuwa na kamba nene ya kushikia. Kila baada ya mizunguko miwili palikuwa na tundu jembamba ukutani, upana wa kiganja, na Taratibu alipolifikia alipunguza mwendo akavuta hewa ya nje. Alijiambia ataenda tundu kwa tundu, kama anavyokwenda kituo kwa kituo barabarani. Alipita la kwanza, la pili, la tatu. Nyuma yake alimsikia Mwalimu akihema na kusema peke yake, "Haya, goti, haya."

Kati ya tundu la nne na la tano foleni ikasimama.

Huko juu pengine mtu alikuwa anapiga picha. Mbele ya Taratibu alisimama mwanamke mwenye begi kubwa mgongoni, na begi lile lilikuwa shubiri moja kutoka usoni pake. Mwanga ulikuwa hafifu. Ukuta ulimgusa bega la kulia, na nguzo ya katikati ikamgusa la kushoto. Kwanza zilikufa ganzi ncha za vidole. Halafu kifua kikabana hasa, kama kimekaliwa na kitu kizito, na jasho likamtoka mgongoni ingawa mawe yale yalikuwa baridi. Akasikia harufu ya dizeli. Alijua kwamba hapakuwa na dizeli mahali pale, na kujua hakukumsaidia.

Begi likasogea. Mwanamke alipanda ngazi mbili, tatu, akapotea kwenye mzunguko. Taratibu hakusogea.

"Baba Chiriku," Mwalimu alisema, "wenzetu wamekwenda."

Alizidi kuikamata kamba.

"Baba Chiriku."

"Mama, siwezi."

"Huwezi nini? Mguu umekaza?"

"Siyo mguu."

Mwalimu akanyoosha shingo amwone. Kila Januari, kwa miaka thelathini na nne, alikuwa akipokea watoto wanaotengana na mama zao kwa mara ya kwanza. Aliujua uso wa mtu anayeogopa na anayeona aibu kuogopa. Hakuwa amewahi kuuona juu ya mwili mkubwa namna ile.

"Kaa chini," alisema.

"Watu wapo nyuma, Mama."

"Watu watasubiri. Kaa."

Taratibu alikaa pale aliposimama, mikono yote miwili kwenye kamba. Mwalimu naye akajishusha ngazi mbili chini yake, goti likilia. Nyuma yake kijana mrefu mwenye miwani aliuliza kitu kwa lugha yao, na Mwalimu akamwonyesha kiganja bila kugeuka.

"Vuta hewa kwa pua. Polepole, kama unanusa ua. Sasa itoe kwa mdomo, kama unapuliza uji wa moto. Tena. Uji bado wa moto."

Walipuliza uji kwa muda. Kifua kililegea kidogo, kiasi cha kuweza kusema.

"Nisamehe, Mama."

"Ilianza lini?"

"Nini, Mama?"

"Usinifanye mtoto wa darasa la kwanza, hao mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha. Tangu mwezi wa nne unalala sebuleni, dirisha wazi, mlango wazi, mbu wanakula na kusaza. Ukienda kuoga mlango hufungi, unauegemeza kwa ndoo. Mpaka mimi nikawa napita koridoni nakohoa kama mgonjwa wa kifua, ili usije ukanitokea."

Taratibu aliinamisha kichwa. Hakujua kwamba yule mama alikuwa akikohoa kwa ajili hiyo.

"Gari lilianguka," alisema.

Akamweleza hapohapo, gizani, watu wakinong'ona nyuma. Ilikuwa saa sita mchana, barabara kavu, na yeye alikuwa kwenye mwendo wake ule ule wa kuchekwa. Gari dogo lilitokea kwenye kona likiwa upande wake. Alilikwepa, tela likavuta, na lori lote likalala ubavu kwenye mtaro na shehena ya sukari. Mwenye gari dogo hakusimama. Hakuna aliyekufa, na yeye mwenyewe hakuvunjika mfupa. Lakini kichwa cha gari kilibonyea kikamkunja ndani, usukani umemkandamiza kifuani na mlango uko juu haufunguki. Dizeli ilikuwa inadondoka mahali fulani. Watu walikuja, wakaongea naye kupitia kioo, wakampa moyo, lakini vyuma vya kukatia vilitoka mbali. Alitolewa jua linazama.

"Nilikwambia nimeteleza nikishuka kwenye gari," alimalizia.

"Uliniambia. Nikasema moyoni, ngazi ya lori gani hiyo inayompiga mtu kifua kizima." Akalisugua goti lake. "Ningekuuliza. Lakini mkwe unamwuliza vipi kwa nini analala mlango wazi?"

Foleni nyuma yao ilikuwa imejaa mpaka chini kabisa. Sauti za kuulizana zilikuwa zinapanda.

"Bado ngazi sabini kwenda juu," Mwalimu alisema. "Chini ni kama sitini. Unataka wapi?"

"Chini. Lakini hawaruhusu."

"Nani?"

Mwalimu alijiinua kwa kamba, akageuka, akawatazama waliokuwa nyuma yake. Hakupaza sauti sana. Aliitoa ile ambayo watoto sitini waliisikia hata wakiwa wanapigana.

"Jamani. Tunarudi. Mmoja mmoja, na hakuna kusukumana."

Kijana mwenye miwani hakujua neno hata moja la Kiswahili, lakini alilielewa lote. Aligeuka akamwambia aliye nyuma yake kwa lugha yao, naye akamwambia wa nyuma, na agizo likateremka likizunguka mpaka likatoweka chini. Baada ya muda miguu ikaanza kurudi. Kutoka chini sauti ya mwanamume ilipanda, kali, ya mtu mwenye cheo.

"Naam, tunakuja," Mwalimu akajibu.

Kisha akamwambia mkwe wake, "Nitatangulia. Weka mkono begani kwangu, ufumbe macho ukitaka."

Taratibu alisimama lakini mkono hakuutoa kwenye kamba. Alikuwa na miaka kumi na moja tangu amwoe mke wake, na katika miaka hiyo hakuwahi kumgusa mama huyu hata kwa kumpokea kikombe. Kikombe kiliwekwa mezani, kikachukuliwa mezani.

"Baba Chiriku," Mwalimu alisema, "mambo ya ukwe ni ya nyumbani. Hapa ni ngazini."

Akauweka mkono.

Waliteremka hivyo, ngazi baada ya ngazi, Mwalimu akitanguliza mguu mzima na kuuvutia ule mbovu. Mara tatu alisimama goti lipoe, na mara zote tatu Taratibu alisimama macho yamefumbwa, akipuliza uji. Mlangoni mwanga ulimpiga usoni, akapita ameinama, akaenda hatua kumi mbele uwanjani kabla hajafumbua macho.

Watu arobaini hivi walikuwa wamesimama pale wakiwatazama. Mzee mmoja wa kike alimpigapiga Taratibu mkononi akaenda zake. Mlinzi wa mnara, mtu wa ndevu mwenye shada la funguo kiunoni, alikuja na maneno yake tayari mdomoni. Alipomwona Taratibu shati limelowa limegandia mwilini, aliyameza. Akaenda kibandani kwake akaleta kiti cha kukunja na chupa ya maji, kisha akarudi mlangoni kuruhusu foleni upya.

Nusu saa ikapita ndipo Mama Chiriku na binti yake walipotokea upande wa pili.

"Tumewasubiri kule juu mpaka tukadhani mmeanguka," Mama Chiriku alisema. "Bibi alichoka?"

"Bibi hakuchoka," Mwalimu alisema. Akamwangalia mkwe wake, kisha akamshika mjukuu mkono. "Chiriku, nipeleke tena kisimani. Unieleze umeona nini huko juu, usiruke hata kitu."

Hilo lilitosha kuwaweka mbali kwa muda mrefu.

Taratibu angeweza kusema ni goti la Mama. Neno hilo lilifika kabisa mdomoni. Lakini mkewe alikuwa ameshaona shati, ameshaona na kiti cha mlinzi. Akamweleza yote, kwa mpangilio mmoja, kama anavyotoa ripoti ofisini. Ajali. Yale masaa. Likizo ya wiki mbili. Baada ya hapo meneja wa yadi akamweka getini, kazi yake kuandika malori yanayoingia na yanayotoka. Kila Jumatatu meneja humwuliza kama yuko tayari kurudi kwenye usukani, naye husema wiki ijayo.

Mama Chiriku alisikiliza amesimama.

"Uliniambia lori liko gereji."

"Lilikuwa gereji."

"Miezi minne?"

"Liliharibika sana."

Hakucheka. "Na ile wiki uliyosema kamera ya simu imekufa?"

"Nilikuwa nimevimba shavu."

"Kwa hiyo kamera haikufa."

"Haikufa."

"Mimi nafanya kazi maabara," alisema. "Kila siku namwandikia mtu majibu asiyoyataka. Sijawahi kuzimia. Wewe ulidhani ningefanya nini?"

"Ungerudi."

"Ningerudi, ndiyo. Halafu?"

"Ungeacha mafunzo, na mimi ndiye niliyekusukuma uje."

"Sasa miezi minne yote nilikuwa naongea na nani kwenye simu? Nakwambia habari zangu zote, mpaka za mtu aliyevunja chupa ya sampuli. Wewe unaniambia salama, salama."

Taratibu alifungua chupa ya maji, akaifunga tena. Alimwona mkewe akienda mpaka ukutani, akasimama akiangalia bondeni mikono kifuani, na akajua si wakati wa kumfuata.

Mama Chiriku aliporudi alipitia kisimani kwanza. "Na wewe, Mama, ulijua?"

"Nilijua kuna kitu. Sikujua ni nini."

"Ungeniambia hicho kitu."

"Ningekwambia nini? Kwamba mume wako anaegemeza mlango wa bafu kwa ndoo? Ukiwa huku peke yako?"

"Ndiyo, Mama. Hivyohivyo."

Mwalimu alifikiri. "Basi nilikosea," alisema. Binti yake hakuwa amezoea kumsikia akisema hivyo, na pengine ndiyo sababu hasira ilipungua nguvu.

Walikula mkate na mayai ya kuchemsha kwenye benchi, wakiwa wamekaa mstari mmoja. Kwa mara ya kwanza Chiriku aliongea peke yake bila kuulizwa wala kujibiwa, mpaka mwenyewe akaona ajabu.

"Mbona hamsemi? Kuna nini?"

Mama yake akamwangalia baba yake, kuonyesha kwamba zamu ni yake.

"Baba alipata ajali ya gari mwezi wa nne," Taratibu alisema. "Amepona, ila anaogopa mahali pembamba. Ndiyo maana hakufika juu."

Chiriku alitafuna yai lake. "Mimi naogopa mashine ya kukaushia mikono pale chooni," alisema, na akaendelea na habari zake.

Walipomaliza, Mwalimu alikung'uta makombo kwenye kitenge akasimama.

"Sasa mimi napanda," alisema. "Nani ananisindikiza?"

Hakuna aliyethubutu kutaja goti. Mama Chiriku alikwenda naye. Mlinzi mwenye ndevu alipowaona alifungua mikono kama anayeuliza kama ni kweli, halafu akawafungia foleni kwa dakika kadhaa ili wapande bila haraka. Taratibu na binti yake walikaa chini wakitazama ukingo wa juu wa mnara. Ilichukua muda mrefu. Hatimaye ikaonekana rangi ya kitenge kule juu, na mkono ukipunga.

Waliyozungumza mama na binti yake kwenye ngazi zile hawakuyasimulia. Ila waliposhuka, Mama Chiriku alikuja akakaa kando ya mumewe, bega kwa bega, akamwuliza kwa sauti ya kawaida, "Yale masaa, ulikuwa unafikiria nini?"

"Mengine yalikuwa ya kipuuzi. Sukari. Nani ataizoa."

"Na yasiyo ya kipuuzi?"

Akamwambia. Aliendelea kumwambia kwenye basi, njia nzima, wakiwa kiti cha karibu na mlango, huku Mwalimu na mjukuu wamelala kiti cha mbele, midomo wazi wote wawili.

Jumatatu Mama Chiriku aliuliza kazini kwake, akaelekezwa kwa mshauri nasaha mmoja hospitalini hapo. Taratibu alisema yeye si mwendawazimu. Mkewe akamwambia hakuna aliyesema hivyo, na kwamba mtu akivunjika mguu haambiwi ni kiwete. Alikwenda mara mbili kabla ya kuondoka, Mama Chiriku akitafsiri, na mshauri akamwandikia barua ya kumpa mwenzake wa huko nyumbani watakaporudi.

Huko nyumbani ilichukua muda kuliko alivyotegemea. Jumatatu ya kwanza alimwambia meneja wa yadi ukweli, kwamba hayuko tayari na hajui lini. Meneja alikuna kichwa, akamwacha getini. Kila Alhamisi alikwenda kliniki. Mwezi wa pili wa kliniki alianza kukaa kwenye kichwa cha lori lililozimwa, mlango wazi, dakika tano. Mwezi uliofuata akafunga mlango. Madereva wenzake walijua anafanya nini na hakuna aliyemtania, ingawa mmoja wao alijitokeza akakaa naye upande wa pili bila kualikwa, akisoma gazeti.

Mama Chiriku alimaliza mafunzo, akarudi mwezi wa kumi. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, Taratibu alipeleka shehena ya saruji safari ya siku mbili, akaenda na kurudi salama, kwa mwendo wake ule ule. Alipofika yadini aliweka funguo mezani kwa meneja, akasema anaweza, lakini hataki tena. Aliomba apewe kazi ya kuwafundisha madereva wapya. Alipewa, na wanafunzi wake huchekwa na wengine kwa mwendo wao.

Mwalimu alirudi kwake wiki moja baada ya binti yake kufika. Siku ya kuondoka, Taratibu ndiye aliyembebea mizigo mpaka kwenye gari. Mwisho wa mwezi huwa anakwenda kumsalimia. Huketi meza moja, na akimaliza chai huuliza kama kuna kitu cha kurekebisha. Mwaka huu alimtengenezea bawaba za mlango wa jikoni, na Mwalimu alishika taa, akimwambia anakosea wapi na anapatia wapi.